Mashine Iliyojaribiwa Kosele

Hii hadithi hata mamangu nyumbani Kehancha hajaisikia yote, amesikia tu ile nusu ya mwisho ambayo ni tamu, lakini nyinyi mmeniomba na nyinyi ni watu wangu, basi wacha niseme: mimi Boke, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi wa mitambo, nilisimama katikati ya soko la Kosele nikiwa nimevaa koti la kuazima na nikatangaza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi ni mwongo. Na si eti nilinong'ona. Nilirudia mara mbili, kwa sababu wale wa nyuma walilalamika kwamba hawajasikia.

Yote yalitokana na mstari mmoja wa maandishi.

Mnajua mimi na Odhiambo tulikuwa tumetengeneza mashine ya kubambua njugu, ile ya kuzungusha kwa mkono, pipa dogo la chuma linazunguka juu ya kitanda cha nondo, njugu zinapita katikati, ganda linapasuka, mbegu inaanguka kwa karai. Ilikuwa mradi wetu wa mwaka wa nne na tulikuwa tunaipenda kama mtoto (Odhiambo aliipaka rangi ya bluu mara tatu). Halafu tukasikia kuna siku ya maonyesho Homa Bay mjini, wanafunzi wa uhandisi kutoka vyuo kadhaa wanaleta miradi yao, na wahandisi wa viwanda wanakuja kuangalia, kutoa zawadi kwa mradi bora, kuzungumza nasi kuhusu kazi, na la maana kuliko yote, kuchagua watu watakaowapa attachment, ile miezi mitatu ya kufanya kazi kiwandani ambayo bila hiyo hupati digrii. Mimi nilikuwa nimeandika barua za kuomba attachment hadi nikachoka kuandika jina langu. Hakuna hata mmoja aliyejibu, hata kunikataa hawakunikataa. Wenzangu walikuwa wameshapata, na mimi nilikuwa naanza kujiona nikibaki nyuma mwaka mzima, nikiwatazama wakivaa kofia za mahafali kwenye simu.

Kwa hivyo siku ya kuchapisha bango letu pale cyber, nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu asipewe kibodi. Fomu ya bango ilikuwa na sehemu imeandikwa "Majaribio ya shambani". Sisi shambani hatukuwa tumefika. Tulikuwa tumejaribu mashine ndani ya karakana ya chuo, kwa njugu za kununua dukani, zile zimechaguliwa zikalingana zote kama shanga.

Odhiambo akaniambia, "Andika bado."

"Bado? Watu wengine wote wamejaza."

"Boke, andika bado. Ni ukweli."

Nikaangalia ile nafasi tupu, nikaona inanicheka, na hapo ndipo jina la Kosele likanijia, jina nililokuwa nimelisikia tu kwa mama mmoja muuza njugu stendi ya Rongo akisema njugu zake zinatoka huko. Nikaandika: Imejaribiwa na kina mama wa soko la Kosele, Kaunti ya Homa Bay. Ikapendeza sana. Mwenye cyber akabonyeza, bango likatoka, kubwa, linang'aa, na uongo wangu ukiwa umekaa pale katikati kwa herufi nzito.

Siku yenyewe ikafika. Ukumbi ulikuwa umejaa, wanafunzi na mataa yao ya sola, wengine walikuwa na mashine ya kukausha dagaa wa omena waliyoibeba kwa boti kutoka Mfangano, na sisi na pipa letu la bluu. Mgeni ambaye kila mtu alikuwa anamtafuta kwa macho alikuwa Injinia Awino, mama wa makamo, nywele fupi, viatu vya chini, anayesimamia karakana kubwa inayotengeneza mashine za wakulima. Kila mwaka anachukua wanafunzi wachache sana. Alitembea meza kwa meza, mikono mfukoni, haongei sana. Alipofika kwetu akatoa mkono mmoja, akazungusha mpini, akasikiliza ile sauti ya chuma, akasema, "Mm." Nyinyi hamjui, lakini kwake hiyo "mm" ilikuwa hotuba. Meza zingine hawakupata hata hiyo.

Halafu akasoma bango. Akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kidole kikasimama.

"Kosele?"

"Ndiyo, Injinia."

Uso wote ukafunguka. "Mimi ni nyar Kosele, binti wa huko! Nilizaliwa pale nyuma ya soko. Mlifanya majaribio na nani?"

Odhiambo akapata kitu cha kuangalia kwenye dari. Mimi ni Mkuria, sijui mtu hata mmoja Kosele, na Kidholuo changu kinaishia kwa salamu. Lakini nikajiambia, katika nchi yote ya Waluo, ni soko gani litakosa Mama Atieno?

"Na Mama Atieno," nikasema.

"Mama Atieno wa njugu? Yule anakaa karibu na kinu, ile posho mill?"

"Huyo huyo."

"Bado ana ile sauti?"

"Ai, Injinia, sauti iko."

Akacheka, akanipiga begani, akaenda. Odhiambo akashuka kutoka kwa dari akaniambia taratibu, "Umetuua."

"Atasahau," nikamwambia. "Watu wakubwa wana mambo mengi."

Hakusahau. Kabla ya chakula cha mchana, aliyekuwa anaongoza shughuli akashika maikrofoni akatutangazia kwamba mzungumzaji wa alasiri amekwama Kisumu, hatakuja, lakini tusihuzunike kwa sababu Injinia Awino ametoa wazo zuri sana: badala ya kukaa kusinzia, tukishakula tuingie basi sote twende Kosele tukaone kwa macho yetu uhandisi uliofika kwa mwananchi wa kawaida. Na wale vijana wa njugu wabebe mashine yao. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi (Mungu anisamehe) nikapiga pia.

Nilifikiria kuumwa tumbo. Nilifikiria kuanguka. Nilimwambia Odhiambo aumwe yeye, akakataa, akasema kama ni kufa tutakufa tumesimama. Basi nikapanda basi nikiwa na mpango mmoja tu, kwamba nikikaa karibu na Injinia nitamwambia polepole, kwa heshima, kabla hatujafika. Na kweli akanionyesha kiti kando yake. Nikafungua mdomo, naye akaanza kuongea kabla yangu.

"Unajua kwa nini nimefurahi?" akasema. "Mamangu alinisomesha kwa njugu. Kubambua kwa mkono, jioni zote, hadi vidole vinapasuka. Sisi watoto tulikuwa tunamsaidia, asubuhi huwezi hata kushika kalamu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona mtu amepeleka kitu cha maana pale. Sasa wewe, msichana wa kutoka Kuria huko, umefika."

Mnaona? Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Nilisema, "Pole kwa mama." Nikafunga mdomo, nikatazama dirishani mashamba yakipita, na kila kilomita nilikuwa nazidi kuwa mdogo ndani ya lile koti.

Kosele soko lilikuwa limechangamka. Basi likasimama karibu na posho mill, wanafunzi wakamwagika chini na simu zao za kupiga picha, na pale kando ya ukuta, juu ya gunia, katikati ya kina mama wenzake na karai zao, alikuwa ameketi mama mmoja mwenye mabega mapana na kitambaa chekundu kichwani. Hakuhitaji kutambulishwa. Alipomwona Injinia alipiga kelele ya furaha ambayo nadhani hata Oyugis waliisikia. Wakakumbatiana, wakasalimiana kwa Kidholuo kwa muda mrefu, halafu Injinia akanivuta mbele akageukia Kiswahili ili na mimi nielewe.

"Mama, nimekuletea mtu wako. Huyu ndiye wa mashine ya njugu."

Mama Atieno akaniangalia kutoka viatu hadi nywele. Tabasamu likaondoka polepole.

"Ni wewe?" akasema. "Wewe ndio mwenye mashine?"

Mimi nikasema ndiyo, kwa sababu ni kweli nina mashine.

"Nimekungoja!" Akasimama. "Nimekungoja tangu mavuno ile ingine! Wewe ndio watu yako ilileta mashine hapa, ikavunja njugu yangu gunia mbili, mkasema mnaenda kuleta spea, mkapotea! Leo Mungu amekuleta!"

Jamani. Jamani! Katika uongo wote wa dunia, mimi nilikuwa nimejichagulia ule ambao mwenye kosa alikuwa anatafutwa. Kumbe kuna watu wengine kweli, sijui wa mradi gani, walishafika pale na mashine yao mbovu wakatoroka, na sasa mimi, ambaye sijawahi kukanyaga Kosele, nilikuwa nimekuja kwa basi, na mashahidi, kuchukua kesi yao. Kina mama wengine wakaanza kusimama pia. Mama Atieno akaingia stoo, akatoka akivuta kitu chenye kutu, cha kijani, mpini umekatika, akakiangusha miguuni pangu.

Injinia akaangalia kile kitu. Akaangalia mashine yetu ya bluu ambayo Odhiambo alikuwa bado ameikumbatia mlangoni mwa basi. Halafu akaniangalia mimi.

"Boke, hii ndiyo ilikuwa ya kwanza? Halafu mkairekebisha?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa. Ningesema ndiyo, ningeomba msamaha kwa ajili ya ile takataka, na mambo yangepita, tena ningeonekana mtu wa kujifunza kutokana na makosa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema ndiyo. Lakini Mama Atieno akawa anaendelea, sauti imeshuka sasa, akimwambia Injinia kwamba ubaya haukuwa njugu. Ubaya ni kwamba yeye ndiye aliyewaita wenzake walete njugu zao, aliwaambia hawa ni watu wamesoma, tuwaamini, na tangu siku ile akiongea kitu sokoni wanamcheka. Kumbe huyu mama alikuwa anabeba aibu ya watu wengine. Nikaona siwezi kumwongezea na yangu.

"Mama," nikasema, "si mimi. Mimi sijawahi kufika hapa. Niliandika kwa bango kwamba nimefanya majaribio Kosele na sikufanya. Jina lako nililibahatisha tu. Mimi ni mwongo."

Kisha sauti kutoka nyuma, "Amesema nini?"

Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Bado baadhi ya kina mama wakawa wanaulizana, kwa hivyo Odhiambo (huyu nitamkumbuka nikiwa mzee) akaona ni vyema atafsiri, akavuta pumzi akatangazia soko kwa Kidholuo safi, na mimi katika maneno yote nikashika moja tu, "miriambo", na sikuhitaji kamusi, kwa sababu soko zima lilisema "Yawa!" kwa pamoja na kuangua kicheko ambacho bado nakisikia. Wanafunzi wenzangu, kina mama, fundi wa bodaboda, hadi dereva wetu. Kuna mama mmoja alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. Mimi nilisimama pale, masikio yanawaka, machozi yamefika, nikitamani lile basi linikanyage.

Injinia hakucheka. Alikuwa amerudisha mikono mfukoni, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

Aliyeniokoa, kama ni kuokoa, ni Mama Atieno mwenyewe. Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa pembe ya kitambaa akauliza, "Sasa, hiyo ya bluu ni ya nani?"

"Ni yetu, Mama."

"Inabambua?"

"Kule chuoni inabambua."

"Chuoni mnakula njugu mingapi? Lete hapa."

Tukaiweka chini. Akamimina njugu zake mwenyewe, zile ndogo nyekundu za pale, zingine nene, zingine nyembamba kama kidole cha mtoto. Nikazungusha. Ikalia vibaya. Kilichotoka ni cha kuhuzunisha: nene zilikuwa zimesagika, nyembamba zimepita na maganda yao, hata hazikuguswa. Kicheko cha pili. Odhiambo akafunga macho.

Lakini Mama Atieno hakucheka sasa. Alichuchumaa, akaokota vipande, akanionyesha kwenye kiganja. "Hii imesaga. Mimi sitaki unga." Akachukua njugu moja nzima, akaiweka kati ya kidole gumba na cha kwanza, akafinya, tap, mbegu mbili zikaangukia kiganjani, nzima. Akachukua ingine nyembamba, tap. "Unaona? Kidole inajua. Inafinya, haisagi."

Nikaangalia kile kidole. Kidole ni laini. Njugu ikiwa nene kinabonyea, ikiwa nyembamba kinaifuata. Chuma chetu hakibonyei, kinangoja njugu iwe saizi yake, na zile za dukani zilikuwa saizi yake. Marafiki, aibu yote ilinitoka kichwani kwa ghafla kama mtu amefungua mfereji. Nikageuka nikamwambia Odhiambo, "Mpira!" naye alikuwa ameshafungua macho, ameelewa, anakimbia kwa fundi wa bodaboda.

Fundi alitupa tyub kuukuu mbili za baiskeli. Tukatoa bolti, nikavua koti nikalitandika chini nikaketi juu yake (mwenye koti, kama uko hapa, samahani tena), tukakata tyub vipande virefu kwa wembe, tukavivisha nondo moja baada ya ingine na kufunga kwa waya. Wale wa Mfangano wakatuletea koleo lao. Mwingine akashika pipa, mwingine akamulika ndani kwa simu. Kina mama walikuwa wametuzunguka, kila mmoja ana maoni, na Mama Atieno alikuwa anaangusha njugu moja moja kwenye ile nafasi, akiniambia "bado", "bado", "hapo sasa".

Nikazungusha mara ya pili. Sauti ilikuwa ingine kabisa, sauti ya chini, kama mtu anatafuna. Na ndani ya karai zikaanza kuanguka, tap tap tap, njugu nyekundu, nzima, nene kwa nyembamba, na maganda yakielea juu. Nikazungusha hadi bega likauma. Mama Atieno akachota kiganja, akapuliza maganda, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Vilikuwemo vipande viwili vitatu, sitawadanganya tena. Akatupa njugu moja mdomoni. Akainua kiganja juu ili wenzake wote waone.

"Ber!" akasema. Nzuri! Na akapiga kigelegele, na wengine wakajibu, na kufumba na kufumbua kulikuwa na foleni ya karai na magunia, na mama aliyekuwa amekaa chini kunicheka ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Odhiambo alizungusha, mimi nikazungusha, wanafunzi wakazungusha, na nikamwona Injinia Awino ametoa mikono yote miwili mfukoni, amekunja mikono ya shati, anazungusha kama sisi.

Dereva alipiga honi mara tatu ndipo tukakumbuka Homa Bay. Injinia akaniita kando ya basi.

"Zawadi ya leo huipati," akasema. "Nitawaambia majaji wenzangu watoe jina lenu. Uliandika uongo, na mtu anayeandika uongo kwenye kazi hii siku moja ataua mtu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Injinia."

"Vizuri." Akaniangalia mikono, iliyokuwa imejaa grisi na damu kidogo ya ule wembe. "Likizo ikianza, Jumatatu ya kwanza, saa mbili asubuhi, uwe karakana kwangu. Na ovaroli. Na huyo mtafsiri wako pia."

Nilitingisha kichwa tu kama mjusi.

Zawadi walipewa wale wa kukausha omena, na waliistahili, na mimi niliwapigia makofi hadi viganja vikauma. Tulirudi bila mashine, kwa sababu tulipotaka kuipakia Mama Atieno alikaa juu yake (kabisa, alikaa) akauliza, "Hii inaenda wapi?" Tukamweleza kwamba ni mradi wetu, lekchara bado hajatupa alama. Akasema lekchara ana miguu, aje.

Na alikuja. Wiki mbili baadaye lekchara wetu, mtu wa tai na makaratasi, alisafiri hadi Kosele, akakalishwa juu ya gunia, akapewa njugu za kuchemsha, na kabla hajafungua faili yake Mama Atieno alimwambia azungushe kwanza mwenyewe, ndio aulize maswali. Akazungusha. Na kwenye ripoti ile, mahali pa majaribio, niliandika kila kitu: mara ya kwanza tulishindwa, tulichekwa, njugu zikasagika, na aliyetambua kosa ni mfanyabiashara anayeitwa Mama Atieno. Odhiambo aliniuliza kama ni lazima niandike kuhusu kuchekwa. Nikamwambia ni lazima.

Kwa hivyo hayo ndiyo yaliyonipata. Niliapa, na naapa tena mbele yenu, kwamba kama sijafanya kitu nitaandika "bado", hata kama karatasi nzima itakuwa ni bado, bado, bado. Ila nisiwafiche: ile jioni tukitoka Kosele, blauzi imechafuka, jina langu limefutwa kwenye mashindano, watu wakinitania basi zima, nilitoa kichwa dirishani nikaimba kwa Kikuria, kwa sauti kubwa, peke yangu, na sikujali nani ananisikia.